Alama za kiwandani kwenye magazini za bunduki: zinasema nini, na je, zinaweza kumfikia mwenye silaha?

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naishi Massachusetts, mji wa Lowell, ambako sisi watu wa Afrika Mashariki tumekuwa wengi miaka hii. Nina leseni ya silaha niliyopewa na mkuu wa polisi wa mji, na bunduki yangu naitumia kulenga shabaha uwanjani. Kila ninapokutana na Waswahili wenzangu wanaomiliki silaha huku Marekani, mazungumzo yanaishia kwenye magazini, kile kibweta cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki. Mtu anaigeuza, anaona herufi, namba, mduara wenye mshale, kisha anauliza kwa hofu: hizi serikali inanifuatilia nazo? Wapo waliofikia kutaka kuzikwangua. Nimeona nifungue uzi tulijadili jambo hili kwa ukweli wake.

Tuanzie kwenye sheria. Tangu sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968, kila kiwanda na kila mwagizaji Marekani lazima agonge namba kwenye bunduki. Namba hiyo inakaa kwenye mwili wa bunduki, ile sehemu inayobeba mitambo, ambayo mbele ya sheria ndiyo bunduki yenyewe. Mtutu, kitako na magazini ni vifaa tu. Ukinunua bunduki dukani unajaza fomu 4473 na namba inaandikwa humo. Ukinunua magazini, sheria ya shirikisho haikudai fomu yoyote.

Polisi wakiokota bunduki kwenye tukio, namba inapelekwa kituo cha ufuatiliaji cha ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, Martinsburg, West Virginia. Pale hakuna orodha moja ya wamiliki wa nchi nzima, maana sheria ya 1986 imekataza serikali kuu kuunda orodha ya namna hiyo. Wanachofanya ni kuuliza kiwanda kilimuuzia nani, huyo alimuuzia duka gani, na duka lifungue karatasi zake litaje mnunuzi wa kwanza. Mnyororo wote umening'inia kwenye ile namba moja. Magazini ya kawaida ukiipeleka Martinsburg hawana pa kuanzia, kwa sababu maelfu ya magazini zimetoka siku ileile zikiwa na alama zilezile.

Basi alama ni za nini? Ni za kiwanda na za mteja wake mkubwa, yaani jeshi. Chukua magazini ya alumini ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani, igeuze usome kibati cha chini. Utakuta Colt wa Hartford, au Adventure Line wa Parsons, Kansas, au Okay Industries wa New Britain, Connecticut, au Center Industries wa Wichita. Nyingine hazina jina, zina msimbo wa tarakimu na herufi tano ambao serikali humpa kila anayeiuzia bidhaa. Jeshi likipokea shehena ambayo risasi zinakwama, linataka kujua ni ya nani na ya lini ili liirudishe yote. Hiyo ndiyo kazi ya alama tangu mwanzo.

Za plastiki, kama PMAG za kampuni ya Magpul, zina kile kiduara ambacho watu wengi wanakiogopa: mshale katikati, namba za miezi zimezunguka, na mwaka umegawanywa pande mbili za mshale. Kile ni kipande cha ukalibu, yaani umbo ambamo plastiki humiminwa, kinachozungushwa kila mwezi. Tazama chini ya beseni au kifuniko cha ndoo nyumbani kwako, mara nyingi utakikuta kimetokeza palepale. Pembeni kuna namba ya ukalibu, ili kasoro ikionekana wajue ukalibu upi umechakaa.

Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu hivi: alama inakitaja kiwanda na wakati. Haikutaji wewe. Lakini msishangilie bado, kwa sababu huo wakati wenyewe ndio unaoweza kumponza mtu. Nitalieleza hilo baada ya kusikia michango yenu.

---

Kigwema

Mkuu mleta uzi, asante. Mimi niko Tanzania, namiliki shotgun kwa leseni. Huku kwetu mtu anasajili silaha na namba yake inaingia kwenye kitabu, mambo yameisha. Sielewi tarehe ya kutengenezwa magazini inamdhuru vipi mtu. Magazini ni kibweta cha risasi tu.

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Kaka Kigwema, umeuliza swali lililonifanya nifungue uzi.

Tarehe 13 Septemba 1994 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyopiga marufuku kuwatengenezea raia magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10. Zilizokwishatengenezwa hazikuguswa. Mtu aliruhusiwa kuendelea kuwa nazo, kuziuza, hata kuwarithisha watoto. Ila zitakazotengenezwa baada ya siku hiyo kwa ajili ya polisi na jeshi zilitakiwa kubeba alama ya kuonyesha ni mpya. Ndipo zikatoka zile zenye maandishi kwamba ni za matumizi ya polisi na serikali tu.

Hapo maana ya alama ikageuka. Kitu kilichowekwa ili fundi ajue ukalibu uliochakaa kikawa mpaka kati ya halali na kosa la jinai. Vitu viwili vinavyofanana kabisa, vya kiwanda kimoja, kimoja cha Agosti na kingine cha Oktoba mwaka uleule, kimoja kikawa mali yako na kingine kikawa cha kukufunga.

Na kuna jambo ndani ya sheria ile ambalo naona liliandikwa kwa haki. Ilisema magazini isipokuwa na alama inayotakiwa, basi ichukuliwe kuwa ni ya zamani, na mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Asiye na karatasi hakuanza kesi akiwa mkosaji. Wengi wameisahau sehemu hiyo, na mimi naona ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.

Sheria ya shirikisho ilikoma 13 Septemba 2004. Ila majimbo kadhaa yalikuwa yameshajiwekea sheria zake. Massachusetts ilitunga yake mwaka 1998 kwa kuinakili ile ya shirikisho, na haikuweka siku ya kukoma. Sheria mpya iliyosainiwa Julai 2024 imebana zaidi mahali unapoweza kwenda na magazini hizo, lakini mpaka umebaki palepale: 13 Septemba 1994. Kwa hiyo mimi hapa Lowell, zaidi ya miaka 30 baadaye, bado nageuza magazini ya bati kusoma imetengenezwa lini. Na muuzaji anayesema "hii ni ya kabla ya marufuku" anaiuza ghali kuliko mpya.

---

Bonde la Ufa

Sasa hapo ndipo mnapokosea nyinyi mnaotetea alama. Leo wameanza na tarehe, kesho watataka namba, keshokutwa watataka jina lako. Hivyo ndivyo usajili unavyoingia, polepole. Connecticut walifanya nini? Waliwalazimisha watu wakaandikishe magazini kituoni!

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Bonde la Ufa, Connecticut ni mfano wa kweli na sitaupuuza. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Newtown, tarehe 14 Desemba 2012, jimbo lilipitisha sheria Aprili 2013. Mwenye magazini ya zaidi ya risasi 10 alitakiwa kuitolea tamko kabla ya 1 Januari 2014. Siku za mwisho za mwaka 2013 watu walipanga foleni kule Middletown kwenye baridi kuwasilisha fomu zao.

Lakini tazama walichokuwa wanatamka. Magazini hazina namba. Mtu aliandika aina na idadi. Alama ya kiwandani haikumfichua hata mmoja kati yao, wenyewe ndio waliojitaja kwa sababu sheria iliwataka. Kama hofu yako ni usajili, basi pambana na sheria inayoagiza usajili, ndiyo yenye nguvu ya kukufikia. Kuhangaika na mduara wa plastiki kunakupotezea nguvu pasipo na kitu.

Illinois walikwenda njia nyingine. Sheria yao iliyosainiwa 10 Januari 2023 iliwataka wenye aina fulani za bunduki watoe kiapo cha kuandikisha kabla ya 1 Januari 2024, lakini magazini walizokuwa nazo hawakutakiwa kuziandikisha. Ukiwa nayo ya zamani, ni ya zamani. Sasa nani atathibitisha? Hapo tunarudi kwenye tarehe.

---

Askari wa Pori

Wakuu, mimi nimetumika kwenye ulinzi wa wanyamapori miaka mingi, nimestaafu. Naomba niongeze kwa upande wa silaha tulizokuwa tunakamata, maana huko ndiko ufuatiliaji una maana kubwa kwetu.

Kwenye Kalashnikov, alama hazina maneno mengi, ni michoro. Mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, Urusi. Nyota ni Tula, hukohuko Urusi. Namba 10 ndani ya miduara miwili ni Bulgaria. Namba 66 ndani ya pembetatu ni China. Namba 11 ndani ya duara lililobanwa ni Radom, Poland. Tulifundishwa kuzisoma kwenye bunduki na kuzichora kwenye taarifa jinsi zilivyo, tusizitafsiri.

Sasa kijana mgeni kazini anaona magazini ina alama ya Bulgaria, anaandika "bunduki ya Bulgaria imekamatwa". Kumbe bunduki yenyewe ni ya Kichina. Magazini za Kalashnikov zinazotumia aina moja ya risasi zinaingiliana, na kule porini zinabadilishwa mikono kuliko kitu chochote. Jangili akiangusha moja akikimbia, anayofuatia ananunua popote. Kwa hiyo magazini inakuambia soko limepitiwa na bidhaa za wapi, haikuambii bunduki hii imetoka wapi. Kwenye mafunzo tulisisitiziwa: namba ya mwilini kwanza, halafu maandishi ya kitako cha ganda la risasi, magazini ipigwe picha iwekwe pembeni.

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana kwa mchango huu. Ungeuandika peke yake ungetosha kuwa uzi.

Na unalingana na makubaliano ya kimataifa. Chombo cha kimataifa cha ufuatiliaji, yaani makubaliano ya nchi kuhusu kufuatilia silaha, kilichopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2005 kinataka alama ya kipekee iwekwe kwenye sehemu ambayo ikiharibiwa silaha haifanyi kazi tena, kama mwili wa bunduki, na kinahimiza sehemu nyingine kama mtutu. Kinakubali hata michoro ya kijiometria pamoja na namba kwa nchi zilizokuwa zikiitumia, ndiyo hizo pembetatu na nyota ulizotaja. Kwetu, Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004 ilizitaka nchi zetu zigonge alama wakati silaha inatengenezwa na wakati inapoingizwa nchini, na RECSA, kituo cha kanda cha udhibiti wa silaha ndogo pale Nairobi, kikagawa mashine za kugongea kwa nchi wanachama. Waliofikiria ufuatiliaji kwa makini waliuweka kwenye kitu kinachodumu na bunduki, hawakuuegemeza kwenye kifaa kinachochomolewa kwa kidole.

---

Dada wa Mwembe Tayari

Nimesoma uzi wote kwa makini. Mimi si mwenye silaha, ni mama, watoto wangu wanasoma huku Marekani na wanafanya mazoezi ya kujificha chini ya meza darasani. Naomba niseme wazi. Kule Newtown walikufa watoto 20 na watu wazima 6 ndani ya dakika chache, na magazini zilikuwa za risasi 30. Kwa nini magazini isiwe na namba kama bunduki? Mnazungumza kana kwamba shida ni mwenye magazini tu.

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Dada yangu, una haki ya kuuliza, na nakujibu kwa heshima yote.

Mimi sipingi magazini kuwa na alama. Ningependa hata iwe bora kuliko hii ya sasa. Namba ya kipekee kwenye kila magazini inawezekana kiufundi, gharama yake ndiyo mjadala. Lakini namba ina maana pale tu inapoandikwa mahali wakati wa kuuza. Bila daftari la mauzo, namba ni urembo. Na daftari hilo ndilo ambalo Bonde la Ufa analihofia. Huo ni mjadala wa wapigakura na bunge, uzungumzwe hadharani kwa jina lake. Ninachokataa ni kujifanya kwamba tarehe ya ukalibu inaweza kuifanya kazi hiyo. Haiwezi kumkamata mhalifu, na inaweza kumponza asiye mhalifu.

Nifafanue. Magazini ya alumini imeundwa kwa vipande vinne: mwili, springi, kisukuma risasi na kibati cha chini. Kibati kinateleza kutoka kwa mkono, ndivyo magazini inavyosafishwa. Na jina la kiwanda na tarehe viko kwenye kibati. Mtu aliyenunua boksi la magazini kuukuu za jeshi miaka ya tisini, akazisafisha zote siku moja juu ya meza, kuna uwezekano mkubwa vibati vimebadilishana. Kisukuma risasi nacho watu hukitumia kukadiria umri: cheusi cha zamani, kijani kilichofuata, kisha cha rangi ya mchanga ambacho jeshi la Marekani lilianza kukitoa mwaka 2009. Lakini nacho kinauzwa peke yake. Mzee wa watu ameweka kipya ili risasi zisikwame, na sasa magazini yake ya 1988 inaonekana ya 2010. Upande wa pili, mjanja anachukua mwili mpya anaubandika kibati cha 1990, anamuuzia mgeni asiyejua kwa bei ya juu.

---

Toronto Bara

Huku Kanada tuna la kwetu. Magazini ya bunduki ndefu inayojipakia yenyewe kwa kawaida mwisho risasi 5, ya bastola risasi 10. Sasa RCMP, polisi wa taifa, waliandika kwamba kinachohesabika ni silaha ambayo magazini *iliundiwa*, si silaha unayoichomeka. Kuna bastola inaitwa LAR-15 inayotumia magazini zilezile za bunduki ya AR-15. Basi magazini ya risasi 10 iliyoundwa na kuandikwa kwa ajili ya LAR-15 ilikuwa halali hata ndani ya bunduki, na nyingine ya umbo hilohilo bila maandishi hayo ilitakiwa izibwe ibaki 5. Maneno mawili ubavuni ndiyo yaliyotenganisha. AR-15 yenyewe ilipigwa marufuku hapa 1 Mei 2020, lakini kanuni hiyo ndiyo iliyonifundisha kuhifadhi kila boksi na kila risiti.

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Toronto Bara, mfano wako ni mzuri mno. Huko alama ilimlinda mwenye mali. Aliyeikwangua alijivua kinga yake mwenyewe.

Na California ina kisa kinachofanana. Tarehe 29 Machi 2019 Jaji Roger Benitez alitengua marufuku ya jimbo ya magazini za zaidi ya risasi 10, na mpaka 5 Aprili, agizo lake liliposimamishwa, watu waliagiza magazini kwa wingi wa ajabu. Kesi ikaendelea kwa miaka, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikaikubali marufuku. Agizo la kusimamisha liliwakinga walionunua ndani ya siku zile. Sasa fikiria mtu ana PMAG yenye mshale unaoonyesha Juni 2019, naye anasema aliinunua Aprili. Plastiki imemkana. Na mwenzake aliyenunua kwa haki siku ileile, mduara wake unaonyesha Januari 2019, anatembea na ushahidi wake mfukoni. Kwa hiyo mduara hauna upande. Unasema lini, basi.

Colorado napo. Sheria yao iliweka mpaka 1 Julai 2013, kikomo risasi 15, na zitakazotengenezwa jimboni baada ya hapo zenye uwezo mkubwa lazima zigongwe alama ya kudumu. Magpul, ambao makao yao yalikuwa hukohuko, walihama: uzalishaji Wyoming, ofisi kuu Texas. Lakini sheria ile iliandika jambo moja ambalo majimbo mengine yangeiga: mwenye magazini akidai alikuwa nayo kabla ya tarehe, ni mwendesha mashtaka anayetakiwa kuthibitisha kwamba si kweli.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Weka alama, weka tarehe, lakini usimwambie raia athibitishe umri wa kipande cha bati alichonunua bila karatasi, kwa sababu wakati ananunua hakuna aliyemwambia aitunze karatasi.

---

Kigwema

Nimekuelewa sasa mkuu. Swali la mwisho kwangu: na zile zenye maandishi ya "polisi na serikali tu", mtu akiikuta kwenye mnada huko kwenu anafungwa?

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Kwa sheria ya shirikisho, hapana. Marufuku ilipokoma 2004 maandishi yale yalipoteza nguvu, na leo zinauzwa kawaida kwenye majimbo yasiyo na kikomo. Lakini kwenye majimbo kama hili langu, maandishi yale ni ushahidi mzito kwamba imetengenezwa baada ya 13 Septemba 1994. Usiinunue.

---

Mgeni wa Worcester

Kaka, mimi ni msomaji wa kimya, leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Mzee niliyekuwa namhudumia alifariki, mwanawe ananipa bunduki ya marehemu kwa utaratibu wa kisheria, leseni ninayo. Kuna magazini sita za risasi 30. Nne za bati, vibati vina jina la kiwanda, viwili havina tarehe. Mbili za plastiki zimeandikwa PMAG. Mtoto wa marehemu anaapa zote baba alinunua miaka ya themanini. Nifanyeje?

---

Mlenga Shabaha (mleta uzi)

Karibu sana ndugu, na pole kwa msiba.

Mbili za plastiki usizipokee. PMAG zilianza kutoka mwaka 2007. Hakuna PMAG ya miaka ya themanini, hata bila kutazama mduara. Sidhani kijana anakudanganya, huenda marehemu aliziongeza baadaye naye hakujua. Mwambie aonane na mwanasheria wa silaha hapa Massachusetts kuhusu hizo mbili, asizitupe na asizipeleke kwa mtu mwingine.

Nne za bati, kabla hujazigusa, mwombe azipige picha zikiwa nzima: kibati, ubavu na mdomo wa juu ili rangi ya kisukuma ionekane. Usizifungue kuzisafisha sasa, vibati visichanganyike. Atafute risiti za baba, picha za zamani zenye tarehe, barua za klabu, chochote. Kisha aandike maelezo ya anachokijua na ayasaini, hayo yakae kwako pamoja na karatasi za bunduki. Mwanasheria huyohuyo akutazamie hizo nne kabla hazijabadilisha mikono. Na kwenye zile mbili zisizo na tarehe, usigonge wala kuandika chochote, ziache kama zilivyo.

Ukipata jibu lake rudi utuambie hapa, maana wengi wana swali kama lako.